Damu yako ni sawa, lakini wewe si mzima: namna ya kuisoma karatasi ya maabara

“Damu yako ni sawa, mama. Huna tatizo.”

Maneno hayo niliambiwa mara tatu ndani ya miezi minane, katika dispensari mbili na hospitali moja hapa Mombasa. Kila mara nilitoka na karatasi ya maabara na dawa za kutuliza maumivu. Na kila jioni nikishuka feri upande wa Likoni, ule mwinuko wa kutokea ulinishinda. Nilisimama katikati nimeshika chuma cha pembeni, moyo wanidunda, huku wazee walionizidi miaka ishirini wakinipita.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 41. Nilikuwa nikilala usiku kucha na kuamka nimechoka. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilishikwa na uchu wa kutafuna barafu, hata nikawa napanga foleni na wanafunzi wangu kununua barafu za mifuko. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, aliniuliza, “Sasa kama damu ni sawa, kinachokuchosha ni nini?” Khalati yangu alisema ni jicho, akanisomea. Kisomo kilinituliza moyo, ila uchovu ulibaki palepale. Mwalimu mkuu akaniandikia barua ya onyo kwa kuchelewa. Mwishowe mimi mwenyewe niliamini kwamba nimekuwa mvivu.

Mimi si daktari. Ninayoyaandika hapa ni niliyoelezwa na daktari aliyenisaidia na niliyoyasoma baadaye, kwa faida ya yeyote anayerudishwa nyumbani na neno “sawa” huku mwili wake wasema vingine.

Hiyo “kawaida” hutoka wapi?

Tazama karatasi yako ya maabara. Mbele ya kila kipimo pana nambari yako, na kando yake nambari mbili: ya chini na ya juu. Ukiwa katikati ya hizo mbili, huambiwa uko kawaida.

Mipaka hiyo hupatikana kwa kuwapima watu wanaoonekana wazima, angalau 120 kwa kanuni inayofuatwa na maabara nyingi duniani. Kisha huchukuliwa kiwango kinachowabeba watu 95 kati ya kila 100. Wale watano wanaobaki, wa chini kabisa na wa juu kabisa, huachwa nje ya mipaka ingawa nao walikuwa wazima.

Maana yake ni mbili. Mtu mzima anaweza kuwa nje ya mipaka na asiwe na ugonjwa wowote. Na mtu mgonjwa anaweza kuwa ndani ya mipaka, kwa sababu mipaka hiyo ni ya watu wengi, si yako wewe. Ndiyo maana mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Finland, Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris, walipendekeza wenzao waache kusema “viwango vya kawaida” na badala yake waseme “viwango vya rejea”, yaani vya kulinganishia. Wataalamu walikubali. Huku kwetu kwenye dirisha la maabara, neno lililobaki ni “kawaida”.

Hemoglobini yangu, ambayo ndiyo watu huiita “damu”, ilikuwa 12.1. Mipaka ya karatasi ilikuwa 12.0 hadi 16.0. Ilikuwa sawa, kwa nukta moja. Lakini nyumbani, ndani ya mfuko nilimoweka vitabu vya kliniki vya watoto, palikuwa na karatasi nyingine ya miaka mitatu nyuma iliyoonyesha 13.8. Hiyo nayo ilikuwa sawa. Kila karatasi peke yake haikusema kitu. Daktari aliyeziweka pamoja mezani ndiye aliyeona kwamba damu yangu ilikuwa yashuka.

Mfereji watoa maji, tangi li tupu

Daktari huyo, binti mdogo kwa umri wangu, aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna tangi la maji. Mombasa nani hana tangi au mapipa? Akasema, “Maji ya kaunti yakikatika, mama, mferejini si yataendelea kutoka siku kadhaa? Wewe wafungua mfereji, waona maji, wasema maji yapo. Kumbe tangi juu lakauka.”

Mfereji ni hemoglobini. Tangi ni akiba ya madini ya chuma mwilini. Mwili unapokosa chuma cha kutosha, hula akiba kwanza na kuilinda hemoglobini mpaka mwisho. Kwa hiyo hemoglobini ndiyo hushuka baadaye kabisa, wakati uchovu, mapigo ya moyo, kukatika nywele na uchu wa barafu au wa kula udongo huweza kuanza mapema.

Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho feritini. Feritini ni protini inayohifadhi chuma, na ilitambuliwa mwaka 1937 na mwanasayansi wa Czechoslovakia, Vilém Laufberger. Kipimo hiki hakimo ndani ya ile hesabu ya damu ya kawaida. Lazima kiombwe peke yake. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima asiye na maradhi mengine akiwa na feritini chini ya 15, basi amepungukiwa na chuma. Madaktari wengi huanza kushuku hata chini ya 30. Yangu ilikuwa 6.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Feritini hupanda mwili unapokuwa na homa, maambukizi au uvimbe wa ndani, hata kama tangi ni tupu. Kwa mtu wa namna hiyo, shirika hilohilo limeweka mpaka kuwa 70. Ukipimwa wakati una malaria, nambari yaweza kuonekana nzuri na isiwe nzuri.

Swali ambalo sikuwa nimeulizwa

Daktari hakuishia hapo. Aliuliza, “Siku zako huwaje?”

Niliona haya. Kisha nikasema. Kwa mwaka mzima hedhi yangu ilikuwa ya siku nane au tisa, yenye mabonge, na usiku nilitandika taulo juu ya shuka. Nilidhani ni umri. Sikumwambia mtu, hata mume wangu, na katika zile safari tatu za mwanzo hakuna aliyeniuliza. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye kizazi, ule usio wa saratani, ambao wanawake wengi huwa nao. Tangi langu lilikuwa limetoboka chini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha kwa makusudi. Niliona tu kwamba si jambo la kumtajia mtu nisiyemjua, tena mwanamume. Lakini karatasi ya maabara hujibu lile ililoulizwa tu. Kama hukusema, hakuna atakayejua cha kupima.

Kwa wanaume, na kwa wanawake waliokoma hedhi, upungufu wa chuma ni jambo la kutazamwa zaidi, si kidogo. Kwao daktari hutafuta damu inayopotea tumboni: vidonda, minyoo ya safura, au hata saratani ya utumbo. Vidonge peke yake si jibu.

Vipimo vingine vinavyoweza kukupoteza

Chuma ni mfano mmoja tu. Hapa pwani tuna mingine ya kujua.

Wengi wetu tuna kisukari na tunameza metformini. Dawa hii nzuri, ikitumiwa miaka mingi, huweza kupunguza vitamini B12. Mtu huhisi ganzi miguuni, uchovu na kusahau, na hesabu ya damu ikawa bado sawa. B12 nayo huombwa peke yake.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, husoma sukari iliyoshikana na chembe nyekundu. Kwa mwenye selimundu, au mwenye upungufu wa kimeng’enya cha G6PD, chembe hizo huweza kufa mapema, na kipimo kikasoma chini kuliko hali ilivyo. Matatizo haya ya damu si mageni kwetu pwani. Kama yamo katika ukoo wenu, mwambie daktari.

Na yapo yasiyoonekana kwenye damu kabisa: kukatika pumzi usingizini kwa mtu anayekoroma sana, huzuni nzito baada ya msiba, wasiwasi, matatizo ya mapigo ya moyo. Mtu mwenye haya si mwongo na si mvivu.

Usikimbilie duka la dawa

Najua wengine mkisoma hapa mtataka kwenda kununua vidonge vya chuma leo. Subirini. Ndugu zetu wa Pemba wana funzo kubwa. Utafiti uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapa watoto wadogo chuma na foliki asidi katika eneo lenye malaria nyingi. Waliopewa walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Chuma ni dawa kwa aliyekikosa, na huweza kuwa madhara kwa asiyekihitaji au asiyelindwa na malaria. Mwenye selimundu aliyeongezwa damu mara nyingi huenda ana chuma kilichozidi. Na vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwani mtoto akimeza vingi huweza kufa.

Tena tusitarajie miujiza. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa juu ya wanawake 198 waliokuwa na uchovu, hemoglobini sawa na feritini chini ya 50. Baada ya wiki 12, uchovu ulipungua karibu nusu kwa waliopewa chuma. Lakini hata waliopewa kidonge kitupu walipata nafuu, kiasi cha asilimia 29. Chuma kilisaidia kweli, ila si uchovu wote ulitokana nacho.

Wala usiombe upimwe kila kitu. Mtu mzima kabisa akipimwa vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mipaka ni kama asilimia 64, kwa bahati tu. Utarudi nyumbani na hofu mpya na deni.

Ufanye nini basi?

Weka karatasi zako zote za maabara mahali pamoja, kwa tarehe, na uzibebe kila uendapo. Karatasi yako ya zamani ndiyo kipimo chako bora.

Andika unachohisi kabla ya kuingia kwa daktari: kilianza lini, kinakuzuia kufanya nini, dawa gani unameza, hata za mitishamba. Usiseme tu “nimechoka”. Sema “siwezi kupanda mwinuko wa feri bila kusimama, na mwaka jana niliweza”.

Uliza maswali mawili kwa adabu: “Daktari, ni kipi kilichopimwa na kipi hakijapimwa?” na “Kama damu si sababu, tutazame wapi?”

Chai yetu ya baada ya chakula, hasa ya rangi nzito, huzuia chuma cha mchicha, mbaazi na kisamvu kuingia mwilini. Isogeze mbele saa moja au zaidi, na ukamulie mboga ndimu. Nyama, samaki na dagaa wana chuma kinachoingia kwa urahisi zaidi.

Na usingoje karatasi yoyote ukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kuzimia, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, au kikohozi cha wiki mbili chenye jasho la usiku. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nilitibiwa uvimbe, na nikameza kidonge cha chuma siku moja na kuruka siku ya pili, kama nilivyoelekezwa. Wiki za kwanza sikuona tofauti. Mwezi wa pili nilisahau barafu. Baada ya miezi sita hemoglobini ilikuwa 13.4 na feritini 41. Kwa karatasi ya zamani, nilikuwa “sawa” kabla na “sawa” baada. Tofauti aijuaye ni mimi, na wale wazee wa feri, ambao sasa twapanda pamoja tukizungumza.