Safu ya Lugha: Uzazi wa mpango

Kuanzia Ogwedhi hadi Homa Bay, nchini Kenya, ni jambo la kawaida kusikia kwamba Kanisa Katoliki limekataza uzazi wa mpango. Kauli hiyo si sahihi, nayo inawapotosha wanandoa. Mpango ni tokeo la kupanga. Kwa hiyo uzazi wa mpango ni mume na mke kuamua wazae lini na watoto wangapi. Jambo hilo Kanisa halikulikataa. Waraka wa Papa Paulo wa Sita, Humanae Vitae, wa Julai 25, 1968, unakubali wenye sababu nzito waachanishe uzazi kwa kufuata siku za rutuba za mwanamke. Unachokataza ni kuzuia mimba kwa njia za kubuniwa: vidonge, kondomu, kufunga kizazi. Unaweza kuyapinga mafundisho hayo, na Wakatoliki wengi wanayapinga, lakini kwanza uyataje yalivyo.

Kuzuia mimba nako si kutoa mimba. Kuzuia ni kabla haijatunga, kutoa ni baada. Anayeyachanganya mambo hayo mawili humtia mama hofu bure.

Kauli “njia za asili” ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Katekista akiitamka, anakusudia kuchunguza ute na joto la mwili. Msikilizaji huenda akafikiria mitishamba na hirizi, kisha akashangaa amepata mimba. Wahubiri na watangazaji wetu, tafadhali semeni “kufuata siku za rutuba”, na mweleze siku hizo hutambuliwaje.