Mchochota wa Shina la Ubongo: Kupambanua Maradhi Yanayoshabihiana

Shina la ubongo lina urefu wa takriban sentimita 7 tu, walakini humo ndimo zipitamo njia zote za kutembea, kusema, kumeza na kupumua. Kwa hiyo maradhi yaliyo baidi kwa asili zao, yakishaingia hapo, huleta alama zile zile: kuona vitu viwili viwili, uso kupinda, kupepesuka, ulimi kuwa mzito. Tabibu wa hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, kabla ya kufikiri habari ya kipimo cha MRI, hana budi kuanza na masimulizi ya mgonjwa, nayo humfaa kuliko wengi wanavyodhani.

Ugonjwa walioueleza Bickerstaff na Cloake, matabibu wa Uingereza, mwaka 1951, huja kwa siku chache, aghalabu baada ya mafua au kuhara, ukafuatana na usingizi mzito. Ule aliouandika Hulusi Behçet wa Istanbul mwaka 1937 hutanguliwa na vidonda vya kinywani na sehemu za siri, jambo ambalo mgonjwa mwenye haya hatalisema asipoulizwa faraghani.

Wenye hila zaidi ni ugonjwa wa Devic, uliojulikana Ufaransa tangu 1894, ambao huweza kuanza kwa kwikwi na matapishi yasiyokoma kwa majuma, hata mgonjwa akatibiwa vidonda vya tumbo mpaka siku macho yatakapoingia kiza au miguu kufa ganzi. Kwa kuwa huwapata watu wa asili ya Kiafrika zaidi kuliko Wazungu, si haki kuutaja mwishoni, kama vifanyavyo vitabu vingi. Na tangu 2004 kingamwili yake hupimwa katika damu.

Mwaka 2010 matabibu wa Mayo Clinic, Marekani, walibainisha mchochota mwingine, ambao picha yake huonyesha madoa mfano wa chumvi na pilipili, nao hutulia upesi kwa steroidi. Hapo ndipo penye mtego, madhali limfoma nayo hunywea kwa dawa hiyo hiyo kisha ikarudi, na uvimbe wa fundo la kifua kikuu hupoa kwa muda ilhali vijidudu vingali hai. Mgonjwa kuinuka kitandani baada ya prednisoloni, basi, si ithibati ya ugonjwa wowote. Na katika nchi ambamo kifua kikuu na Ukimwi vimeenea, damu na maji ya uti wa mgongo sharti vipimwe kabla ya dozi ya kwanza, ila hali ikiwa mbaya mno hata haiwezi kungoja.