Homa ya uzazi isikukatize kunyonyesha
Siku chache baada ya kujifungua nilishikwa na homa, tumbo likiuma na damu ikinuka. Hayo ni maambukizi ya kizazi. Ni ya kukimbizwa hospitali, si ya kungojea arubaini iishe. Dawa nyingi anazopewa mzazi, amoksilini ikiwemo, hazizuii kunyonyesha. Mwambie daktari kwamba unanyonyesha.

Maziwa yangu yalipungua. Uji wa pilipili manga ulinitia nguvu, lakini kinachoita maziwa ni kunyonya: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiruke. Mtoto akisinzia, kamua kwa mkono umpe kwa kikombe. Kuanzia siku ya 5, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua, mpeleke kliniki akapimwe uzani.