Ada badala ya maegesho: Miji hupangaje bei ya nafasi ya gari ambayo haikujengwa?

Katika miji mingi ya Marekani na Ulaya, mtu anayetaka kujenga maduka, ofisi au nyumba za kupangisha hulazimika kisheria kutenga pia nafasi za kuegesha magari ndani ya kiwanja chake. Asipoweza, au asipotaka, baadhi ya miji humruhusu kulipa fedha kwa halmashauri badala ya kujenga nafasi hizo. Malipo hayo ndiyo tunayoyaita hapa ada badala ya maegesho.

Mtu anaweza kudhani hili ni jambo la wenye magari na wenye majengo tu. Sivyo. Gharama ya maegesho huingia kwenye kodi ya chumba, bei ya chakula hotelini na bei ya bidhaa dukani. Anayeichangia ni pamoja na yule aliyefika mjini kwa basi au kwa miguu. Ndiyo maana tunaona inafaa kueleza jinsi kiwango cha ada hiyo kinavyopangwa, nani hulipa, na fedha huenda wapi.

Je, ni ushuru ule wa barabarani?

Hapana. Wasikilizaji wengi wanaujua ushuru anaotozwa dereva anapoegesha gari mjini, kama ule unaokusanywa na TARURA nchini Tanzania au na serikali za kaunti nchini Kenya. Ule hulipwa na mwenye gari, kwa saa au kwa siku.

Ada tunayoizungumzia hulipwa na mwekezaji anayejenga, mara nyingi mara moja tu, wakati wa kuchukua kibali cha ujenzi au kabla jengo halijaanza kutumika. Halipii gari lolote. Analipia nafasi ambazo sheria ilimtaka azijenge naye hakuzijenga.

Sharti lenyewe lilitoka wapi?

Mwaka 1923 mji wa Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulianza kudai maegesho kwa majengo ya nyumba nyingi za kupangisha. Mwaka 1939 mji wa Fresno, California, ulidai vivyo hivyo kwa hoteli na hospitali. Mwaka huo huo Ujerumani ilitoa kanuni ya taifa zima iliyowataka wanaojenga watenge nafasi za magari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, magari yalipoongezeka, sharti hili lilienea karibu kila mahali katika nchi hizo.

Ukubwa wa sharti hueleweka vizuri kwa hesabu ya vyumba. Nafasi moja ya gari, pamoja na njia ya kuingilia na kugeuzia, hula takriban mita za mraba 30. Hiyo ni zaidi kidogo ya vyumba vitatu vya futi kumi kwa kumi. Miji mingi ya Marekani ilidai nafasi nne kwa kila futi za mraba 1,000 za ofisi. Maana yake ni kwamba kwa kila vyumba kumi vya ofisi vya futi kumi kwa kumi, mwekezaji alitakiwa kutoa eneo la vyumba kumi na vitatu kwa ajili ya magari. Kwa mikahawa, sharti la nafasi kumi kwa kila futi za mraba 1,000 lilikuwa la kawaida. Hapo maegesho yalikuwa makubwa kuliko mkahawa mara tatu.

Katikati ya miji ya zamani hili halikuwezekana. Jengo la matofali la miaka 100 limeshika kiwanja chote, ukuta kwa ukuta na la jirani. Aliyetaka kuligeuza kutoka bohari kuwa mkahawa aliambiwa alete nafasi za magari ambazo hana pa kuziweka. Njia zilizobaki zilikuwa kubomoa jengo la jirani, kuomba halmashauri imsamehe, au kuacha mradi. Ada badala ya maegesho ililetwa iwe njia ya nne.

Nani aliichunguza?

Mtu aliyeichunguza sana ni Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025. Mwaka 1999 alichapisha uchunguzi wa miji 46 yenye ada hii. Mingi ilikuwa Marekani, na mingine Kanada, Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini na Iceland.

Shoup aliona jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Sharti la maegesho huficha bei, kwa sababu mwekezaji hujenga nafasi na gharama yake humezwa na gharama ya jengo zima. Mji unapotangaza ada, bei hiyo hutoka hadharani. Kila mtu anaweza kusoma kwamba nafasi moja ya gari ni dola kadhaa.

Kiwango hupangwaje?

Zipo njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutathmini kila mradi peke yake. Maofisa hukadiria thamani ya ardhi na ujenzi mahali pale, kisha hutaja kiasi. Ubaya wake ni kwamba mwekezaji hajui mapema atalipa nini, na mazungumzo ya ofisini huacha mwanya wa upendeleo.

Ya pili, ambayo hutumiwa zaidi, ni kutangaza kiwango kimoja kwa kila nafasi, kwa watu wote. Miji mingine huligawa eneo lake katika kanda. Munich, Ujerumani, kwa mfano, iliweka kanda tatu: euro 12,500 kwa nafasi moja katikati ya jiji, 10,000 katika kanda inayofuata, na 7,500 pembezoni. Sababu ni kwamba ardhi ya katikati ni ghali zaidi. Miji mingine hupandisha kiwango kila mwaka kwa kufuata bei za ujenzi, ili ada isiachwe nyuma.

Ugumu uko kwenye swali moja: nafasi moja inagharimu kiasi gani hasa? Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri ina uwanja wazi wa kuegesha magari 100. Inajenga hapo jengo la ghorofa la kuegesha magari 300, kwa dola milioni 9. Ukigawa milioni 9 kwa 300, unapata dola 30,000 kwa nafasi. Lakini zile nafasi 100 zilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo mji umeongeza nafasi 200 tu. Ukigawa milioni 9 kwa 200, kila nafasi mpya imegharimu dola 45,000. Anayetumia hesabu ya kwanza atatoza pungufu kwa dola 15,000, na pengo hilo litajazwa na mfuko wa halmashauri.

Ada ikiwa ndogo, nini hutokea?

Shoup alikuta kwamba miji mingi ilitoza chini ya gharama halisi ya kujenga nafasi. Mara nyingine ilikuwa kwa makusudi, ili kuvutia biashara katikati ya mji.

Mfano unaotajwa sana ni Pasadena, California. Eneo lake la kale lilikuwa limechakaa, maduka matupu. Jiji lilijenga maegesho ya umma, na kuanzia mwaka 1987 likawaruhusu wenye majengo ya zamani kulipia haki ya kuhesabiwa nafasi katika maegesho hayo. Badala ya kulipa fungu kubwa mara moja, walilipa kiasi kidogo kila mwaka. Mwaka 1993 jiji liliweka mita za kulipia maegesho barabarani, na mapato yake yakatumika palepale kukarabati njia za waenda kwa miguu, kuweka taa na kufanya usafi. Majengo ya kale yalipata wapangaji bila kubomolewa, na eneo hilo likawa kivutio cha biashara.

Hata hivyo, ada ndogo ina mlipaji wake. Kile ambacho mwekezaji hakulipa kitatoka kwa madereva kupitia mita, au kwa walipa kodi wote. Pasadena ilikuwa na mita za kusaidia. Mji usio na chanzo kama hicho hubaki na deni.

Ada ikiwa kubwa je?

Palo Alto, pia California, ilichukua njia ya kutoza karibu na gharama kamili. Katika miaka ya 1990 ada yake ilikuwa dola 17,848 kwa nafasi. Kwa kuwa mji ulidai nafasi nne kwa kila futi za mraba 1,000, hiyo ilikuwa sawa na dola 71 kwa kila futi moja ya mraba ya jengo. Chumba cha futi kumi kwa kumi kilibeba mzigo wa zaidi ya dola 7,000, kabla ya kuhesabu ukuta wala bati. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ada hiyo ilikuwa imevuka dola 100,000 kwa nafasi moja.

Ada ya namna hii inasema ukweli kuhusu gharama, lakini ina makali yake. Kampuni kubwa huweza kulipa. Mtu wa mkahawa mdogo hawezi. Tena lawama zikielekezwa kwenye ada peke yake, hukosea njia. Kama nafasi moja inagharimu kiasi hicho, basi yule aliyejenga maegesho mwenyewe naye alikuwa akiubeba mzigo huohuo, ila hakuna aliyeuona.

Fedha hizo huenda wapi?

Kwa kawaida huingia katika mfuko maalumu wa kujenga maegesho ya umma. Faida yake ni kwamba nafasi moja hutumiwa na wengi: mchana wafanyakazi wa benki, jioni wateja wa mikahawa. Kwa hiyo mji unaweza kujenga nafasi chache kuliko zile ambazo kila jengo lingejenga kivyake. Ujerumani, sheria za majimbo kadhaa huruhusu fedha hizo zitumike pia kwa usafiri wa umma au njia za baiskeli.

Malalamiko makubwa ya wawekezaji ni kwamba hulipa leo, na maegesho hayaonekani. Mfuko hukusanya kidogokidogo, na jengo la maegesho huhitaji mamilioni. California ina sheria inayoitaka halmashauri itenge akaunti ya fedha za aina hii, itoe taarifa kila mwaka, na kila baada ya miaka mitano ieleze zile ambazo hazijatumika zina kazi gani. Ikishindwa kutoa maelezo hayo, fedha hurudishwa.

Mahakama nayo imeweka mipaka. Aprili 2024, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Sheetz, mwananchi wa Kaunti ya El Dorado, California, aliyetozwa zaidi ya dola 23,000 za ada ya barabara ili apewe kibali cha kuweka nyumba ndogo kwenye ardhi yake. Ada ile haikuwa ya maegesho, lakini uamuzi unagusa ada zote za vibali. Mahakama ilisema kwamba ada haikwepi kupimwa kikatiba kwa sababu tu ilipangwa na baraza kwa watu wote. Kipimo chenyewe ni hiki: ada iwe na uhusiano na athari za mradi, na ilingane nazo kwa kadiri.

Je, ada hii itaendelea kuwepo?

Ada hii huishi kwa sababu sharti lipo. Sharti likifutwa, hakuna cha kulipia badala yake. Berlin ilifuta sharti la maegesho ya magari mwaka 1997, na Hamburg ikalifuta kwa nyumba za kuishi mwaka 2014. Jimbo la California, kwa sheria iliyoanza Januari 2023, limezuia miji kudai maegesho kwa majengo mengi yaliyo ndani ya takriban mita 800 kutoka vituo vikubwa vya usafiri wa umma.

Jiji la Mexico liligeuza mambo kabisa mwaka 2017. Liliondoa kiwango cha chini cha maegesho, likaweka kiwango cha juu, na katika eneo la kati anayejenga zaidi ya nusu ya kiwango hicho ndiye anayelipa. Fedha huelekezwa kwenye usafiri wa umma.

Maswali ya kuuliza

Kanuni za mipango miji za Tanzania na Kenya nazo zina viwango vya maegesho kwa majengo mapya. Iwapo halmashauri yenu italeta pendekezo la ada badala ya maegesho, tunaona maswali manne yanafaa kuulizwa kwenye mkutano:

1. Kiwango kimepatikana kwa hesabu gani, na je, hesabu hiyo imetoa nafasi zilizokuwepo awali?
2. Je, kiwango ni kimoja kwa wote na kimetangazwa, au kila mtu ataelewana na ofisa?
3. Fedha zitakaa akaunti gani, na zisipotumika kwa muda gani zitarudishwa?
4. Sharti lenyewe la idadi ya nafasi limetoka wapi, na wanaofika mjini kwa gari ni wangapi?

Swali la nne mara nyingi huachwa, ingawa ndilo la msingi. Mji ukidai nafasi nyingi kuliko magari yaliyopo, hata ada iliyopigiwa hesabu sawasawa itamtoza mtu kwa kitu kisichohitajika, na gharama hiyo itamfuata mpangaji na mteja mpaka dukani.