Michirizi Nyuma ya Jicho

Mtu haoni kisogo chake, na jicho nalo halioni nyuma yake. Binaadamu wameitazama nyota ya mbali wakaipa jina, lakini ukuta wa ndani ya jicho, usiofika hata inchi moja kutoka usoni, ulikaa karne nyingi bila ya kuonwa kwa mtu aliye hai.

Matabibu wa zamani waliujua kwa kupasua macho ya wanyama na kwa kusoma vitabu vya Wayunani. Hunayn bin Is-haq, tabibu Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, aliandika makala kumi juu ya jicho. Utando wa nyuma uliitwa kwa Kiarabu shabakiya, yaani ulio kama wavu. Jina la Kilatini, retina, nalo latokana na neno la wavu.

Kisha akaja Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965. Katika Kitab al-Manadhir alibainisha kuwa mwanga ndio uingiao jichoni, wala si jicho litoalo miale. Lakini yeye naye alidhani kuona kunaanzia kwenye lensi iliyo mbele. Mwaka 1604 Kepler, Mjerumani, ndiye aliyeonyesha kuwa sura huchorwa katika ule wavu wa nyuma. Je, kosa hilo lamshushia Ibn al-Haytham heshima? Hasha! Yeye mwenyewe alifunza kuwa mtafutaji haki asiwafuate waliotangulia kwa kuwadhania vyema tu, bali apime maneno yao.

Mwaka 1851 Mjerumani mwengine, Helmholtz, alitangaza chombo cha kupeleka mwanga ndani ya mboni na kutazama kwa njia ile ile. Hapo matabibu wakaziona alama za huko: duara jeupejeupe unapotokea mshipa wa fahamu, mishipa ya damu itawanyikayo kama matawi, na doa la kati tusomealo na kutambulia nyuso.

Mwaka 1889 Doyne, tabibu wa Oxford, alieleza michirizi isiyo ya kawaida, itokayo karibu na lile duara. Mwaka 1892 Knapp akaiita angioidi, maana yake inayofanana na mishipa. Baadaye ikajulikana kuwa si mishipa kabisa. Ni nyufa katika utando mwembamba ulio chini ya wavu. Mwaka 1929 matabibu wawili wa Sweden, Grönblad na Strandberg, waliihusisha na maradhi fulani ya ngozi. Hupatikana pia kwa baadhi ya wenye selimundu, maradhi yasiyo mageni katika majumba yetu ya pwani.

Nyufa hizi haziumi. Mwenye nazo huweza kuona vizuri miaka mingi, mpaka siku damu ivujie pale kati, pengine kwa pigo dogo tu, na uoni ukapotea. Kwa hivyo mwenye selimundu asingoje macho yafifie ndipo aende kutazamwa.

Hapa pana mazingatio. Jicho lionalo aibu za watu wote halikuweza kujijua lenyewe mpaka mwengine alipolimulikia taa. Na moyo ni vivyo hivyo. Basi ndugu yako akikuonyesha ufa usiouhisi, usimkasirikie. Huenda amekuokolea nuru yako.