Watoto Katika Sanduku la Mizigo

Mwaka 1888, mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipewa hataza ya tairi la upepo. Alikuwa amelibuni kwa ajili ya mwanawe mdogo, aliyerushwarushwa na mawe ya barabarani kila alipopanda baiskeli yake ya magurudumu matatu. Vitabu huharakisha kutoka hapo kwenda kwenye mashindano ya mbio na viwanda vya mpira. Mimi hubaki kidogo na yule mtoto, kwa sababu baada yake watengenezaji wa baiskeli waliwasahau watoto wadogo kwa muda mrefu sana.

Mzazi aliyetaka kwenda na mtoto ilibidi ajitafutie njia. Kila palipofika baiskeli, njia zilikuwa zile zile: mtoto apakatwe juu ya bomba la mbele, au akae kwenye keria na kushika shati la baba. Msomaji aliyebebwa hivyo utotoni anakumbuka onyo alilopewa kila mara, kwamba aitanue miguu. Kisigino kikiingia kwenye spoki, gurudumu hukikamata na kukisaga kabla dereva hajafunga breki. Hatari ya pili haionekani upesi. Mtoto wa kilo kumi na tano akikaa juu ya gurudumu la nyuma, uzito wote hupanda juu, na baiskeli hulegalega hasa inaposimama, wakati mzazi ana mguu mmoja tu chini.

Waingereza walilitafutia jambo hili dawa mapema. Chama cha Cyclists' Touring Club, kilichoanzishwa mwaka 1878, kilikuwa na wanandoa waliotembea nchi nzima kwa baiskeli ya viti viwili, na walipopata watoto hawakutaka kuacha. Kampuni ya Watsonian ya Birmingham, iliyojulikana kwa vigari vya ubavuni vya pikipiki, iliwatengenezea pia vigari vyepesi vya ubavuni vya baiskeli. Mtoto alikaa chini, pembeni mwa wazazi wake, akiwa amekingwa na upepo. Kisha familia zikaanza kununua magari, na vigari hivyo vikaishia stoo.

Suluhisho lililodumu lilitokea Denmark, na halikuanza na watoto. Lilianza na nyama, mikate na maua. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maduka ya Copenhagen yalipeleka bidhaa kwa baiskeli za mizigo zilizoendeshwa na vijana walioitwa svajere. Moja ya baiskeli zao, Long John, ilirefushwa katikati. Gurudumu dogo liliwekwa mbele kabisa, jukwaa la mzigo likawa chini, kati ya gurudumu hilo na usukani, na fimbo ndefu ikapita chini ya mzigo kuligeuza gurudumu. Nyingine zilikuwa na magurudumu matatu, jamaa wa karibu wa maguta tunayoyaona Kariakoo. Mwaka 1942, katikati ya vita, vijana hao walianza kufanya mashindano yao ya kila mwaka wakiwa na mizigo halisi. Mashindano yalikoma mwaka 1960, maana kufikia hapo maduka yalikuwa yakitumia magari.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1971, kundi la watu lilivunja uzio wa kambi ya jeshi iliyoachwa katikati ya Copenhagen, likahamia humo na kuuita mtaa huo Christiania. Magari hayakuruhusiwa. Sheria hiyo moja ilileta swali la kila siku: gunia la mkaa, chakula cha wiki na mtoto mchanga vitafikaje mlangoni? Fundi Lars Engstrøm, aliyekuwa na karakana ya uhunzi humo ndani, alitengeneza baiskeli na matrela. Mwaka 1984 alimtengenezea mwenzake, Annie Lerche, baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la mbao mbele. Majirani wakaiona, wakataka zao.

Ni chombo kinachostahili kutazamwa polepole. Magurudumu mawili yako mbele, moja nyuma, na sanduku limekaa kati ya yale mawili, chini kabisa. Kwa kuwa uzito uko chini na magurudumu ni matatu, chombo hakianguki kinaposimama. Mzazi humpandisha mtoto bila kuhangaika, akamfunga mkanda, akapandisha turubai mvua inapoanza. Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba mtoto yuko mbele ya macho. Wanazungumza njiani. Mzazi anaona kofia iliyovuliwa na kiatu kinachokaribia kudondoka. Ubaya wake upo pia. Chombo ni kizito, ni kipana, na mtu akikata kona kwa kasi gurudumu la ndani huinuka.

Leo vituo vya kulelea watoto nchini Denmark huwatembeza wadogo kwa baiskeli hizi, na hesabu za jiji la Copenhagen zimeonyesha kwamba takriban robo ya familia zenye watoto wawili au zaidi zina baiskeli ya mizigo.

Ng'ambo ya Atlantiki, kazi hiyo ilishikwa na trela. Huko Eugene, katika jimbo la Oregon, Beverly Anderson na Alan Scholz walikuwa wakishona mikoba ya baiskeli, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wakatengeneza trela la kumbeba binti yao. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha ushirika cha Burley, ambacho wafanyakazi wake walikimiliki wenyewe hadi mwaka 2006. Trela lina hekima yake. Kiungo chake hufungwa kwenye fremu karibu na ekseli ya nyuma, nacho hunyumbuka. Baiskeli ikilala ubavu, trela hubaki limesimama. Lakini mtoto yuko nyuma ya mgongo wa mzazi, na yuko chini kuliko macho ya dereva wa lori. Ndiyo maana ya kile kibendera kinachopepea juu ya mlingoti mrefu.

Kibendera hakimzuii dereva. Waholanzi walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika makala katika gazeti la De Tijd mwaka 1972 akitaka mauaji hayo ya watoto yakomeshwe, na kutoka katika makala hiyo likaanzishwa vuguvugu la Stop de Kindermoord. Wazazi walifunga mitaa ili watoto wacheze, wakaandamana kwa baiskeli, wakaenda hadi nyumbani kwa Waziri Mkuu Joop den Uyl kuimba na kudai barabara salama. Mafuta yalipoadimika mwishoni mwa 1973, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na taifa zima likaona barabara tupu. Mwaka 1976 sheria iliitambua mitaa ya makazi ambamo gari lazima liende mwendo wa mtu anayetembea. Njia za baiskeli zikaongezeka mwaka hadi mwaka.

Mholanzi Maarten van Andel alipochukua umbo la Long John kuelekea mwaka 2000 na kulifanya baiskeli ya kubebea wanawe, njia za kupita zilikuwapo. Miaka kumi tu ilitosha kuijaza miji ya Uholanzi baiskeli za aina hiyo.

Japani ilifuata mkondo wake. Akina mama wa huko walikuwa wakibeba watoto wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kinyume cha sheria. Polisi walipotangaza mwaka 2008 kwamba watasimamia katazo hilo kwa ukali, akina mama walilalamika wakiuliza watafikaje chekechea. Mwaka 2009 serikali ikaruhusu, kwa sharti kwamba baiskeli iwe imara na yenye breki za kutosha. Mota ndogo za kusaidia pedeli, ambazo Yamaha ilianza kuziuza mwaka 1993, ziliwafaa sana katika vilima.

Uimara huo si jambo la kupuuza. Mnamo Februari 2024 mamlaka ya ukaguzi ya Uholanzi iliiamuru kampuni ya Babboe kusitisha mauzo, kwa sababu fremu za baiskeli zake za mizigo zingeweza kukatika.

Afrika Mashariki haina upungufu wa mafundi. Anayechomelea guta la kubeba magunia ya viazi ana ujuzi wa kuchomelea sanduku la watoto, akisimamiwa na kukaguliwa inavyopasa. Lakini asiombwe kufanya hivyo leo, katika barabara ambako baiskeli hupita kati ya daladala na mtaro. Halmashauri zinazopanua barabara zitenge kwanza njia ya baiskeli yenye ukingo, kuanzia zile ziendazo shuleni.