Askari Kichakani

Kwenye kipindi kilichopita tuliongelea kuendesha gari nyumbani, na kama kawaida tukaishia kwenye tochi. Kwa wale mliokulia huku na hamjawahi kutoka Dar mpaka Moshi kwa gari: tochi ni kile kifaa cha trafiki cha kupimia spidi, na "kupigwa tochi" ni kunaswa nacho. Kila kijiji kina kibao cha 50. Madereva wanaotoka mbele wanakuwashia taa mara mbili tatu, maana yake punguza mwendo, askari wapo. Ukishawapita na wewe unawawashia wanaokuja. Hakuna aliyekufundisha, unajua tu.

Halafu mwenzangu akalisema lile neno ambalo wazee wetu wamelisema kwenye kila sebule kuanzia Reading mpaka Leicester: sisi hatupendi sheria, lakini Mzungu akiona kibao anatii.

Mimi nilisoma historia chuoni, na ingawa kazi yangu ya sasa haihusiani nayo hata kidogo, neno lile lilinikereketa. Kwa sababu huo mchezo wa kuwashiana taa, hapa Uingereza, uliundiwa chama kizima. Chenye ofisi, wanachama na sare. Na chama hicho kipo mpaka leo, unakijua, yawezekana kadi yake iko kwenye pochi ya baba yako. Ni AA. Ndiyo, hao hao wa magari ya njano unaowapigia simu betri ikikufia kwenye M4.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya 1865 iliruhusu vyombo vinavyojiendesha barabarani kwenda maili 4 tu kwa saa nje ya mji na maili 2 ndani ya mji, na mtu atembee mbele akibeba bendera nyekundu. Ilitungwa kwa ajili ya yale mainjini makubwa ya mvuke, gari la petroli lilikuwa halijazaliwa. Tarehe 28 Januari 1896 bwana mmoja anaitwa Walter Arnold alipita Paddock Wood, Kent, akienda maili 8 kwa saa. Konstebo aliyekuwa ndani akaruka, akapanda baiskeli na kumkimbiza maili 5 hivi mpaka akamkamata. Kwa kosa la mwendo Arnold alitozwa shilingi 1. Wengi wanasema ndiye dereva wa kwanza duniani kupigwa faini ya spidi. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Arnold alikuwa muuzaji wa magari ya Benz, kwa hiyo ile shilingi ilikuwa tangazo la bei rahisi mno. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, sheria ikalegezwa na wenye magari wakasherehekea kwa kuendesha kutoka London mpaka Brighton. Wanafanya hivyo mpaka leo, kila Novemba, na vigari vyao vya kizee.

Mwaka 1903 ikaja sheria nyingine: mwisho maili 20 kwa saa, kila gari liwe na namba, kila dereva awe na leseni. Leseni yenyewe ilikuwa unalipa shilingi 5 unapewa, mtihani hakuna. Na hapa ndipo ugomvi ulipoanza.

Lazima ujue nani alikuwa na gari wakati ule. Gari moja lilikuwa na thamani ya mishahara ya miaka kadhaa ya mfanyakazi wa kawaida. Wenye magari walikuwa mabwana wenye ardhi, wafanyabiashara wakubwa, mawakili, madaktari. Watu hawa walikuwa wanawajua polisi vizuri sana, ila kutoka upande wa pili: polisi ndiye aliyemfukuza mwizi wa sungura shambani mwao na kumwondoa mlevi mlangoni kwao. Akikutana na bwana njiani anagusa kofia. Sasa ghafla konstebo huyo huyo, mtoto wa mkulima, amejificha kwenye kichaka na saa ya kupimia sekunde. Mwenzake amejificha mbele, umbali wao umepimwa. Gari likipita wa kwanza anaashiria, wa pili anasimamisha saa, wanapiga hesabu, bwana anaitwa mahakamani kama mwizi wa sungura.

Walikasirika vibaya. Ukisoma malalamiko yao ya wakati ule, hawakusema sana kwamba hawakuwa wanakimbiza. Walisema askari anavizia, kujificha si uungwana, saa za polisi si za kuaminika, na mahakimu wa vijijini wanatafuta hela za faini. Hata namba za magari waliziona ni dharau, kupachikwa alama kama mkokoteni wa kukodi.

Basi kwenye barabara ya Brighton wakaanza kulipa vijana wa baiskeli wazunguke kutafuta mitego ya polisi na kuwapa madereva ishara. Kutoka hapo ndipo AA ikazaliwa, tarehe 29 Juni 1905, kwenye mgahawa wa Trocadero, London. Huduma ya kukutengenezea gari njiani ilifuata baadaye. Kazi ya kwanza ilikuwa kukuokoa na tochi.

Polisi nao hawakukaa kimya, wakawapeleka wale vijana mahakamani kwa kuzuia kazi ya askari. Kesi ya kwanza kubwa haikuwaendea vizuri polisi, kwa sababu haikuthibitishwa kwamba madereva walioonywa walikuwa wamevunja sheria tayari. Lakini mwaka 1910, kwenye kesi ya Betts na Stevens, mahakama ikasema kumwonya dereva ambaye tayari anakimbiza ili askari asipate ushahidi ni kosa. Ungedhani mchezo umeisha. AA wakageuza ishara, na hapa mimi nawavulia kofia. Wanachama walikuwa na beji kwenye gari, na kijana wa AA akiiona beji anapiga saluti. Wanachama wakaambiwa: kijana asipopiga saluti, simama umuulize kwa nini. Yaani kukaa kimya ndiyo onyo. Utamshtaki vipi mtu kwa kutopiga saluti? Ile saluti iliendelea mpaka karibu miaka ya 1960, na vizazi vya Waingereza wakaichukulia kuwa ni adabu tu.

Ningeweza kuishia hapo, tukacheka, tukawatumia wajomba kwenye grupu la familia. Lakini kuna watu waliokuwa wanatembea kwa miguu.

Ile maili 20 ilivunjwa na kila mtu mpaka mwaka 1930 Bunge likaamua kuifuta. Hoja ilikuwa kwamba sheria isiyotiiwa inaivunjia heshima sheria yote. Kwa hiyo kwa miaka michache, ukiwa na gari la kawaida Uingereza, hakukuwa na kikomo cha mwendo popote, hata mbele ya shule. Kilichokatazwa ni kuendesha kwa hatari au kwa uzembe. Mwaka 1934 walikufa watu 7,343 barabarani, karibu nusu yao watembea kwa miguu, wakati nchi nzima ilikuwa na vyombo vya moto visivyofika milioni 2.5. Linganisha na sasa: vyombo vimezidi milioni 40, na mwaka 2023 walikufa watu 1,624. Kila kifo ni msiba wa nyumba ya mtu, lakini angalia tofauti.

Serikali ilipotaka kurudisha kikomo mwaka ule wa 1934, mbunge mmoja, Moore-Brabazon, alisimama kupinga. Huyu si mtu mdogo, ndiye mwenye cheti cha kwanza cha urubani Uingereza. Hoja yake, kwa maneno yangu: zamani magari yaligonga kuku wengi, ukifika nyumbani unakuta manyoya mbele ya gari, mbwa pia, siku hizi mbwa wamejifunza kukwepa, basi na watu watajifunza, mambo yatajiweka sawa. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni mzaha wa gazeti. Ni Bunge. Mwaka 1940 akafanywa waziri wa uchukuzi.

Alishindwa lakini. Kuanzia 18 Machi 1935 maeneo yenye makazi yakawa na maili 30 kwa saa, na tangu Juni mwaka ule dereva mpya lazima afanye mtihani. Waziri aliyesimamia hayo, Leslie Hore-Belisha, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye zile taa za mpira wa chungwa kwenye vivuko vya watembea kwa miguu. Hata zile taa zilipowekwa mwanzo, za vioo, zilivunjwa kwa mawe.

Polisi wenyewe, nao, hawakuifurahia kazi hii. Walikuwa wanapoteza marafiki kwenye tabaka lililowaunga mkono. Mwaka 1938, Lancashire na maeneo ya jirani, serikali ikajaribu kuongeza askari wa barabarani ambao kazi yao ilikuwa kumshauri dereva kwa upole badala ya kumshtaki. Jaribu kufikiria upole huo ukielekezwa kwa mwizi wa sungura.

Miaka ya baadaye nitaipitia haraka maana ni wimbo ule ule. Maili 70 kwa barabara kuu zililetwa kwa majaribio Desemba 1965: kelele. Kipimo cha pombe mwaka 1967 chini ya Barbara Castle, waziri wa uchukuzi ambaye mwenyewe hakuwa anaendesha gari: kelele zaidi. Mwaka 1992 kamera ya kwanza ya spidi ikawekwa magharibi mwa London, kwenye daraja la Twickenham. Kamera za aina ile zinaitwa Gatso, kwa jina la Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953. Kifaa chake alikibuni ili ajipime mwenyewe anavyokata kona, apate kwenda kasi zaidi! Waliozichukia kamera hizo walizipiga rangi, wakazikata, wakazichoma moto. Kuanzia 2000 maeneo kadhaa yaliruhusiwa kutumia sehemu ya hela za faini kugharamia kamera, na hapo lile lalamiko la mahakimu wa vijijini likarudi limevaa nguo mpya. Serikali ikakubali kuzipaka kamera rangi ya njano ili zionekane. Fikiria hilo: miaka mia moja baada ya askari wa kichakani, wenye magari wameshinda, mtego hauruhusiwi kujificha.

Nyumbani tunalalamika hela inaingia mfukoni mwa trafiki. Hapa wanalalamika inaingia kwenye halmashauri. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa sana, maana chai ya askari haijengi kivuko. Lakini sauti ya malalamiko ni ile ile, na anayedhani kukwepa tochi ni tabia ya bara fulani amsome Chris Huhne, waziri aliyefungwa miezi 8 mwaka 2013 kwa sababu miaka 10 nyuma pointi zake za spidi zilibebwa na mkewe. Au aende Wales, ambako mwaka 2023 mitaa mingi ilishushwa kutoka maili 30 mpaka 20, na watu zaidi ya 460,000 wakatia saini kupinga, kwenye nchi ya watu milioni 3 na kidogo.

Kuna sentensi moja iliyobaki kutoka enzi za Trocadero, na ndiyo iliyonifanya niandike. Umeisikia kazini, kwenye redio, kwa jirani aliyeletewa bahasha: "Si wakakamate wahalifu wa kweli?" Sentensi hiyo ina watu wawili ndani yake. Mmoja ni mimi niliyepita kwenye maili 36, mtu wa heshima, na mwingine ni mhalifu wa kweli, ambaye polisi alitakiwa awe anamtafuta saa hii. Mabwana wa 1905 walijua vizuri wa pili ni nani: yule wa kijijini, wa sungura.

Sasa jiulize, wewe mwenye jina kama langu na sura kama yangu, ukiwa kwenye Golf ya mwaka jana saa tano usiku, wewe ni yupi kati ya hao wawili? Kifungu cha 163 cha sheria ya barabara ya 1988 kinampa askari mwenye sare uwezo wa kusimamisha gari lolote, na hahitaji kuwa na sababu. Kaka zetu wengi wanakijua kifungu hicho bila kujua namba yake. Unaulizwa gari ni la nani, unatoka wapi, unafanya kazi gani. Hakuna spidi iliyotajwa.

Ndiyo maana mimi, tofauti na wenzangu wengi kazini, sina ugomvi na lile sanduku la njano. Linapima kitu kimoja. Bahasha ikija ina namba ya gari, mwendo, saa na mahali, na faini ya kawaida ni pauni 100 na pointi 3, kwa wakili na kwa kijana wa kupeleka pizza vilevile, ingawa najua pauni 100 hazina uzito mmoja kwa hao wawili. Kama leseni yako haijatimiza miaka miwili, kumbuka pointi 6 tu zinaifuta, unarudi kufanya mtihani upya.

Kwenye kipindi kijacho tutakuwa na madereva wawili wa minicab. Mmoja ameendesha Dar na London, na ana maoni yake kuhusu wapi askari ni mkali zaidi. Kama na wewe umewahi kusimamishwa, tuma sauti yako kabla ya Jumapili, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho.